Kamera yenye kioo au isiyo na kioo? Vidokezo kabla hujatoa pesa

Tangu mwaka 2018, Canon na Nikon walipotoa kamera zao za kwanza za fulu fremu zisizo na kioo (mirrorless), wapenzi wa picha wamekuwa wakiuliza kama wahame kutoka kamera za kioo (DSLR). Haya ndiyo ya kuangalia.

1. Jua faida kubwa iko machoni. Kamera isiyo na kioo hukuonyesha picha itakavyotoka kabla hujabonyeza. Chukua bibi harusi mwenye ngozi nyeusi aliyevaa shela jeupe. Weupe ule huidanganya kamera, nayo inapunguza mwanga, uso unazama gizani. Hapa unaliona tatizo papo hapo: unaongeza mwanga taratibu mpaka uso ufunguke, huku ukizichunga darizi za shela. Zikianza kupotea, rudi nyuma kidogo. Kwangu, hiki peke yake kinatosha kumshawishi mpiga picha za harusi.

2. Kipime kihisi, sehemu inayopokea mwanga, kwa milimita. Fulu fremu ni 36 kwa 24, APS-C ni karibu 23.5 kwa 15.6, Micro Four Thirds ni 17.3 kwa 13. Kwa eneo, fulu fremu inakaribia mara nne ya Micro Four Thirds, kwa hiyo hukusanya mwanga mwingi zaidi na picha za usiku hutoka na chenga chache. Ila kama unapiga zaidi mchana, juani, usijiumize kwa bei yake. Picha ya kutundika sebuleni haitakusuta.

3. Pima uzito wa begi zima. Kioo kikitoka, kamera hupungua. Lenzi za fulu fremu hubaki nzito vilevile. Wapenda ndege, sikilizeni: lenzi ya milimita 300 kwenye Micro Four Thirds huvuta karibu sawa na ya milimita 600 kwenye fulu fremu, na unaibeba siku nzima bila bega kulalamika.

4. Nunua betri ya ziada. Skrini inawaka muda wote, na chaji inakwenda mbio.

5. Ogopa vumbi. Bila kioo, kwenye kamera nyingi kihisi hubaki wazi ukitoa lenzi. Ukiwa mbugani, funga madirisha ya gari, zima kamera, elekeza mdomo wake chini, kisha badilisha haraka.

6. Shata ya kimya itumie kwa uangalifu. Ni nzuri wakati wa ibada, lakini chini ya taa za LED inaweza kuleta michirizi kwenye picha. Ukiiona, rudi kwenye shata ya kawaida.

7. Usizidharau za kioo zilizotumika. Nikon D750 ya mwaka 2014 ni fulu fremu kamili. Muulize muuzaji shata imeshapiga mara ngapi, na uikague mwenyewe. Lenzi nazo hazipotei: kwenye Canon za kioo, zinazotumia lenzi za EF, kutoka mdomo wa kamera hadi kihisi ni milimita 44, kwenye zile mpya zisizo na kioo, za RF, ni 20. Pengo hilo la milimita 24 ndilo linaloipa nafasi adapta ya kufungia lenzi ya zamani kwenye kamera mpya. Bajeti ikibana, mimi ningeanza na kamera ya Canon ya kioo iliyotumika na lenzi ya EF ya milimita 50 f/1.8, kisha siku ya kuhama nihame na lenzi yangu.