Siku Moja Kindu: Anza na Mto

Mwanafunzi aliyetoka Kigoma au Bujumbura kuja kusoma Kindu, akipata Jumamosi huru, huuliza mahali maarufu pa kutembelea. Wengi watamtajia Nyangwe, ambako David Livingstone alishuhudia watu wakiuawa sokoni Julai 15, 1871, au Kasongo, mji uliokuwa ngome ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kama Tippu Tip. Wengine watamtajia Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyoanzishwa mwaka 2016, anakoishi tumbili lesula ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2012. Yote hayo yanastahili safari, ila si safari ya siku moja. Kasongo pekee iko zaidi ya kilomita 200, na msimu wa mvua barabara yake haina ahadi kwa mtu mwenye darasa Jumatatu. Siku moja itoshe kwa mji wenyewe, kwa sababu sababu ya Kindu kuwapo bado inaonekana kwa macho, na anayeielewa ataelewa jimbo zima la Maniema.

Anza mapema kwenye ukingo wa Lualaba, kabla jua halijakuwa kali. Kusini ya hapa mto una maporomoko yanayozuia meli; kuanzia Kindu kwenda Ubundu unapitika, kisha maporomoko ya Boyoma yanaufunga tena, ndiyo maana kutoka Ubundu hadi Kisangani kuna reli ya kilomita 125. Kampuni ya CFL ya Mbelgiji Édouard Empain ilijenga reli nyingine ya kilomita 355 kati ya Kongolo na Kindu, ikafunguliwa mwaka 1911, na mji ukabandikwa jina la Port-Empain. Mwaka 1915 reli ya kampuni hiyohiyo ilifika Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika, mwaka mmoja tu baada ya reli ya Dar es Salaam kufika Kigoma ng'ambo ya pili. Kwa Mtanzania, basi, stesheni ya Kindu ni ncha ya njia iliyoanzia kwao, mto na ziwa vikiziba mapengo ya reli. Usisubiri gari la moshi ndipo uende. Halifuati saa ya mgeni.

Kuna atakayepinga kwamba reli ni alama ya ukoloni, iliyojengwa kwa jasho la watu walioshurutishwa, na haifai kutembelewa kama kivutio. Hoja hiyo ni nzito, nami naikubali nusu yake. Shuruti ilikuwapo. Lakini kuukwepa mstari huo kunamwachia Empain heshima yote, huku waliochimba na kubeba wakibaki bila kutajwa. Utembelee ukiwauliza wazee wa mtaa kuhusu wazazi wao waliofanya kazi relini. Hayo hayamo kwenye vitabu vingi. Kwa adabu hiyohiyo zungumzia mwaka 1961: Novemba 11 waliuawa hapa wanahewa 13 wa Italia waliokuwa wakihudumia jeshi la Umoja wa Mataifa, wakidhaniwa kuwa mamluki. Ni jeraha la mji pia, si la Waitalia peke yao.

Mchana vuka kwa mtumbwi kwenda Alunguli. Sehemu kubwa ya mji iko ukingo wa kushoto, lakini barabara za Kalima na Kasongo zinaanzia ng'ambo hiyo. Kwenye gati utaona jinsi Kindu inavyokula: mchele, mafuta ya mawese, samaki, na baiskeli zilizosheheni hadi waendeshaji wanalazimika kuzisukuma wakitembea. Hapo ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pengine popote. Kula wali na samaki sokoni. Msalimie muuzaji kwa Mama au Papa kabla ya kuuliza bei.

Wanaosema mashariki ya Kongo yote ni hatari wanachanganya majimbo, ila hilo lisikufanye uzembe. Ulizia hali ya wiki hiyohiyo chuoni na kwa majirani. Beba pasipoti, kwa kuwa maofisa wa uhamiaji, DGM, wanaweza kuitaka, na noti ndogo za faranga. Usipige picha stesheni, bandarini wala uwanja wa ndege bila ruhusa. Vuka kurudi kabla ya saa kumi na mbili jioni, maana giza huingia upesi na mitumbwi haina taa.