EDA IKISHAKWISHA: KWAKO ULIYEFIWA NA MWENZAKO



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), aliyeumba mauti na uhai. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu Muislamu, somo la Ijumaa hii linamhusu mtu aliyefiwa na mwenzake wa ndoa. Huenda ni wewe unayesoma. Kama si wewe, ni mama yako au jirani yako, kwani hapa Vitshumbi hakuna mtaa usio na mjane. Ziwa limechukua, maradhi yamechukua, na tangu vita vilipofika hapa mwezi wa Machi 2024 wako ambao mwenzao amezikwa mbali, hawajapata hata kulizuru kaburi.

Tunajua matanga yanavyokwenda. Siku ya kwanza uwanja unajaa. Siku ya tatu watu wanasoma dua, wanakula, mikeka inakunjwa na kurudishwa. Siku ya nne unabaki wewe na watoto. Na mke wa mvuvi ana jambo lake ambalo watu wa mjini hawalijui. Usiku alishazoea kulala peke yake, maana mume huondoka jioni na nyavu zake. Kinachomuumiza ni alfajiri. Mitumbwi inarudi, wenziwe wanateremka bandarini na mabeseni, naye anajikuta ameshika beseni bila kufikiri, kisha anakumbuka kwamba katika mitumbwi ile hakuna wa kumpokea.

Dada yangu, maumivu hayo si upungufu wa imani. Mwaka aliofariki Bi Khadija (R.A.), karibu mwaka 619, umeitwa Mwaka wa Huzuni, kwani Mtume (S.A.W.) alimpoteza mkewe na ami yake Abu Talib kwa karibu sana. Na huzuni yake haikwisha kwa mwezi mmoja. Miaka mingi baadaye, Madina, akiwa na wake wengine, alikuwa akichinja mbuzi huwapelekea nyama marafiki wa Khadija. Siku moja Hala, dada yake Khadija, alibisha hodi. Mtume aliposikia sauti ile akashtuka, maana ilimkumbusha namna Khadija alivyokuwa akibisha. Bibi Aisha (R.A.) aliona wivu, na ni yeye mwenyewe aliyetuhadithia habari hiyo. Basi anayekuambia, "Msahau sasa, siku zimepita," anakutaka ufanye jambo ambalo Mtume wa Allah hakulifanya.

Lakini huzuni ina mipaka, na mipaka hiyo ni rehema. Kabla ya Uislamu, mwanamke wa Kiarabu aliyefiwa na mume alijifungia katika kibanda kibovu mwaka mzima, amevaa nguo mbaya kuliko zote, hagusi manukato. Allah (S.W.) akaleta eda ya miezi minne na siku kumi (Al-Baqara, aya ya 234). Mjamzito eda yake inakwisha anapojifungua, hata kama ni siku chache baada ya mazishi, kama ilivyomtokea Subay'a Al-Aslamiyya, na Mtume akamhukumia kwamba yuko huru kuolewa. Katika eda mjane haolewi, hajipambi, hajitii manukato wala wanja, na usiku analala nyumbani kwake. Kuoga anaoga. Nguo safi anavaa. Wageni wanawake na maharimu zake anawapokea, na anazungumza na watu kwa adabu. Haya ya kumnyima maji mjane, kumlaza chini, kumnyoa nywele, kumkataza asisalimiane na mtu, ni mila za watu. Tusiyabandike kwenye dini.

Hapa kuna swali tunaloulizwa mara nyingi: mjane atakula nini siku zote hizo? Vitshumbi ipo ndani ya Hifadhi ya Virunga, na kulima hakuruhusiwi. Mwanamke wa Rutshuru au Masisi ana shamba la maharagwe. Wa hapa shamba lake ni ziwa. Imepokewa na Muslim kwamba dada wa mama yake Jabir, akiwa katika eda ya talaka, alitaka kwenda kuvuna tende zake. Mtu mmoja akamkemea. Akaenda kwa Mtume (S.A.W.), naye akamruhusu, akamwambia huenda akatoa sadaka au akafanya wema kwa tende hizo. Wanavyuoni wengi wakachukua kwamba mjane naye hutoka mchana kwa haja yake, akarudi kulala kwake. Kwa hiyo kama huna wa kukuletea, teremka bandarini, nunua samaki wako, wakaushe au uwatie chumvi, uuze. Anayekusengenya umwulize kama ataleta unga jioni.

Aya ile ile inaendelea kusema kwamba muda ukishatimia hakuna lawama juu yenu kwa wanayoyafanya wajane katika nafsi zao kwa wema. Yaani amri imerudi kwake. Ukoo wa mume hauna hukumu juu yake, wala shemeji hamrithi kama anavyorithi wavu. Sura An-Nisaa, aya ya 19, imelikataza jambo hilo waziwazi. Yeye ndiye anayerithi. Madeni yakishalipwa, na mahari ambayo mume hakuilipa ni deni mojawapo, mke ana thumni, sehemu moja ya nane, kama marehemu ameacha watoto, na robo kama hakuacha. Mtumbwi, mashine, nyavu na nyumba vyote vinahesabiwa. Tumeona ndugu wakichukua mtumbwi siku ya arubaini na kusema ni mali ya ukoo. Hiyo ni dhuluma, hata kama mwenye kuifanya anaswali safu ya kwanza.

Sasa turudi kwenye upweke wenyewe, maana tumbo likishiba bado moyo upo. Mfikirie Ummu Salama (R.A.). Mumewe Abu Salama alifariki kwa jeraha alilolipata Uhud, akamwachia watoto wadogo. Mtume alifundisha dua ya mwenye msiba, ya kumwomba Allah malipo na badala iliyo bora. Ummu Salama aliisoma, lakini alijiuliza moyoni: ni nani aliye bora kuliko Abu Salama? Angalia, hata wakati anaomba, haoni mlango. Kisha akaposwa na Mtume mwenyewe.

Masheikh wengi huishia hapo, na wajane wakatoka msikitini wakidhani badala ni mume tu. Mimi naona tusiishie hapo. Mwaka wa 6 Hijria, Hudaybiya, Mtume aliwaamuru maswahaba wachinje wanyama wao na wanyoe, wasiinuke hata mmoja kwa huzuni waliyokuwa nayo. Akaingia hemani kwa Ummu Salama. Ni yeye aliyemshauri atoke, asiseme na mtu, achinje na anyolewe mbele yao. Akafanya, na wote wakainuka. Halafu akaishi miaka mingi baada ya Mtume, mjane kwa mara ya pili, watu wakimjia kuuliza dini yao. Mamia ya hadithi tunayo kupitia kwake. Ujane wa pili ndio uliokuwa wakati wa kazi yake kubwa.

Basi tafuta kazi yako. Kuna madeni ya marehemu ambayo wewe peke yako unayajua. Kuna sadaka ya kutoa kwa niaba yake, kama Saad bin Ubada alivyomtolea mama yake. Kuna watoto wa jirani wasiojua alifu wala bee, nawe unajua. Kuna likelemba ya akina mama iliyokosa mtu mwaminifu wa kushika pesa. Na kuna mjane wa juzi, ambaye bado haamini; wewe unajua siku ya nne ilivyo kuliko imamu yeyote. Ukitaka kuolewa, olewa, si aibu. Usipotaka, pia si aibu.

Kaka yangu uliyefiwa na mke, wewe huna eda, kwa hiyo watu wanadhani huna msiba. Unakaa ufukweni mpaka giza kwa sababu nyumba imenyamaza. Kuoa ni sunna, lakini usioe ndani ya wiki mbili kwa ajili ya kupikiwa, ukamfanya mwanamke wa watu mlinzi wa huzuni yako. Mtume alipobaki peke yake baada ya Khadija, Khawla bint Hakim ndiye aliyeliona hilo, akamwendea na kumtajia Sawda, naye Sawda alikuwa mjane. Hata yeye alihitaji mtu wa kumwona. Sema na mwenzako unayemwamini.

Kuhusu wale ambao mume alitoka na mtumbwi asirudi, na mwili haukuonekana: msikae miaka bila kujua mko wapi. Kama wapo walioona akizama, leteni ushahidi kwa imamu na wazee, na eda inahesabiwa tangu siku ya kufa kwake, si siku habari ilipofika. Kama hakuna aliyeona, ni hukumu ya aliyepotea, Sayyidna Umar (R.A.) alihukumu kungoja miaka minne kisha eda, na wako wanavyuoni waliofupisha pale ambapo kuangamia kunaonekana wazi. Hilo linahitaji hukumu ya mwenye elimu, si maneno ya bandarini. Na Mtume amemhesabu aliyezama majini miongoni mwa mashahidi.

Nyinyi majirani, Mtume (S.A.W.) amemfananisha anayemhangaikia mjane na mpiganaji katika njia ya Allah. Msingoje kuchanga franga. Kesho baada ya swala ya alfajiri, mama unapobeba beseni lako, pita mlangoni kwake, mwambie, "Dada, twende."

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina jina la Allah. Usiitupe chini, na usiisome wakati wa khutba.)