Somo la Mwezi: Je, Taifa Litimize Ahadi Inayolitia Hatarini?



Someni kwanza Yoshua 9. Wagibeoni waliwadanganya Waisraeli kwa viatu vikuukuu na mikate yenye koga, wakapewa agano. Hila ilipojulikana, wakuu wa Israeli hawakulivunja, kwa kuwa walikwisha kuapa. Baadaye Sauli aliwaua Wagibeoni akidhani anawatetea watu wake. Katika 2 Samweli 21 tunaona njaa iliyofuata.

Nchi yetu nayo imefunga maagano. Mojawapo ni Mkataba wa Wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliopitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969. Neno lake kuu ni kwamba anayekimbia kifo asirudishwe kwenye kifo.

Mwaka 1994 agano hilo lilijaribiwa. Mwishoni mwa Aprili, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Tanzania iliwapokea. Lakini wauaji nao walikuwamo, na wenyeji wakaingiwa na hofu. Machi 1995 mpaka wa Burundi ukafungwa. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wakaamriwa kurudi kwao, na askari wakawasimamia.

Mzigo ulikuwa mzito, wala hatuwacheki waliotawala. Hata hivyo, Mkataba wenyewe ulikwisha kuiona hatari hiyo:

1. Unawanyima hifadhi waliotenda mauaji ya halaiki.
2. Unataka wakimbizi wakae mbali na mpaka.
3. Unairuhusu nchi iliyoelemewa iombe wenzake wagawane mzigo.

Basi tunaona kwamba usalama utafutwe kwanza ndani ya ahadi, kwa bidii yote. Ahadi inayotimizwa siku ya raha tu si ahadi. Na nani ajuaye ni lini sisi tutabisha kwa jirani?

Hapa Ngulyati tunalijua jambo hili. Sungusungu hukesha kulinda ng'ombe wetu, lakini mama akibisha usiku na mtoto mgongoni, hatumwachi nje. Tunamwuliza atokako, tunamkaribisha, tunawaamsha majirani.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Kwa nini Israeli haikuvunja agano lililopatikana kwa hila?
2. Wauaji wangetengwaje na wasio na hatia?
3. Ni ahadi gani yetu wenyewe inayotugharimu leo?