Kununua na Kutandika Ukoka wa Vipande Wakati wa Vuli

Mkazi wa Maruku anayetaka kupamba ua wake kwa ukoka huweza kununua mashina ya kupandikiza, yanayouzwa kwa gunia, au vipande vilivyochimbwa pamoja na udongo na mizizi yake. Vipande ni ghali zaidi, lakini hufunika ardhi siku ileile. Somo hili linahusu vipande, kwa kuwa mnunuzi asiye mwangalifu huweza kupunjwa humo bila kujua.

Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya na Marekani huonya kwamba nyasi za nchi za joto zisitandikwe miezi ya Oktoba na Novemba, kwani baridi huzikuta kabla hazijashika ardhi. Onyo hilo halituhusu. Bukoba na Muleba hazina jalidi. Kinachosimamisha ukoka huku ni ukame. Mvua za vuli zikikolea, ndio wakati unaofaa. Anayechelewa hadi mwisho wa Desemba hukutwa na kiangazi kifupi cha Januari na Februari, naye atalazimika kumwagilia kila siku.

Kabla ya kulipa, pima. Tuseme ua una urefu wa meta 8 na upana wa meta 5, yaani meta za mraba 40. Ikiwa kila kipande kina sentimeta 30 kwa 30, utahitaji vipande 445. Muuzaji akikuletea idadi hiyohiyo ya vipande vya sentimeta 25 kwa 25, vitafunika meta za mraba 28 tu, na karibu meta 12 zitabaki wazi ingawa hesabu ya vipande imetimia. Kwa sababu hiyo, ni heri kupatana bei kwa meta ya mraba, na kwenda na futi kamba yako mwenyewe.

Inua vipande kadhaa kutoka katikati ya mzigo, si vya juu pekee. Mizizi iwe myeupe na udongo uwe na unyevu. Kipande chenye joto ndani au harufu ya kuoza kimekaa mno kwenye gari. Tafuta vitunguu vya ndago na mizizi mirefu ya sangari, maana magugu hayo yakiingia kibanjani kung'oa kwake ni kazi ya miaka. Uliza pia nyasi zilichimbwa wapi. Usipokee udongo uliotoka katika shamba la migomba lenye mnyauko, ugonjwa uliobainika mkoani Kagera mwaka 2006. Na kama zimechimbwa kwenye rweya ya kijiji, muuzaji aonyeshe idhini: udongo wa rweya ni haba, na ukibanduliwa haurudi upesi.

Ukoka haupendi kivuli. Chini ya migomba utakonda na kufa. Mahali pa jua, lima kina cha sentimeta 15, changanya samadi iliyooza, sawazisha, kisha tandika siku ileile mzigo ulipofika. Panga vipande kama tofali za ukuta, viungo visifuatane, na kwenye mteremko anzia chini ukivikaza kwa vijiti. Kanyaga, mwagilia. Baada ya wiki mbili au tatu vuta pembe ya kipande taratibu, kikigoma, kimeshika.

Dai risiti inayotaja aina ya nyasi, ukubwa wa kipande, idadi na tarehe ya kuchimbwa. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo au kwa sampuli sharti ilingane nayo. Penye upungufu wa vipimo, Wakala wa Vipimo ndio wahusika. Lakini mkabili muuzaji kwanza, tena mzigo ukiwa bado haujatandikwa na mashahidi wapo, kwa sababu vipande vikishakanyagwa na kuota haitakuwa rahisi kuonyesha vilikuwa na ukubwa gani.