SOMO: MALI YA MWENYE UDHAIFU WA AKILI

Tumeletewa suali na ndugu yetu Mwislamu akaaye Loitokitok, mji wa Kajiado ulio chini ya mlima Kilimanjaro. Asema ana ndugu yake ambaye hushikwa na maradhi ya akili kwa majira, kisha akapoa miezi mingi. Ardhi za huko zilizokuwa za jumuiya zimegawanywa, naye alipata kipande chenye hati kwa jina lake. Sasa jamaa wamekutana wakaamua kukiuza, wala mwenyewe hakuulizwa, kwa hoja ya kuwa "kichaa hana neno". Je, yafaa?

Jawabu: haifai. Wala jambo hili si la Loitokitok peke yake. Huku kwetu pwani hoja iyo hiyo yatumika.

Kwanza, wanavyuoni hawakuwatia wote katika fungu moja. Yuko majnuni, aliyeondokewa na akili. Na yuko safihi, mwenye akili lakini hutapanya mali. Na majnuni akipoa, kule kuzuiliwa kutumia mali yake, yaani hajru, humwondokea papo hapo bila ya kungoja hukumu ya kadhi. Basi ndugu huyu, siku za uzima wake, ni mwenye mali kama sisi. Ardhi yake haiuzwi illa kwa idhini yake.

Pili, tuzingatie habari ya Habban bin Munqidh. Alikuwa akidanganywa katika biashara kwa udhaifu wa akili, jamaa zake wakamwendea Mtume (S.A.W.) wakimtaka amtie hajru. Mtume akamwita, akamkataza kuuza. Akajibu kuwa hawezi kuacha. Basi Mtume hakumpokonya haki yake. Alimfundisha amwambie kila anayeuziana naye kuwa pasiwe na hadaa, na katika riwaya nyengine akapewa hiari ya siku tatu kuirejesha bidhaa. Tazameni: jamaa walitaka afungwe, Mtume akampa la kumlinda.

Tatu, aliyeondokewa na akili kabisa hana budi na walii. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi, uwalii wa mali ni wa baba, kisha babu, kisha wasii wao, kisha hakimu. Ndugu hana uwalii wa mali kwa undugu tu. Na huyo walii haiuzi ardhi illa kwa haja au kwa maslaha ya dhahiri ya mwenye mali. Aya ya 5 ya Suratun Nisaa yaamrisha walishwe na wavishwe katika mali hiyo, tena wasemeshwe kwa wema. Anayesemeshwa kwa wema hauziwi shamba lake kwa siri.

Nne, sheria ya nchi nayo haiwapi jamaa ruhusa hiyo. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 iliipa mahakama, si kikao cha ukoo, uwezo wa kumweka msimamizi wa mali. Na marekebisho ya 2022 yakaandika haki za mgonjwa mwenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, wasema katika Kifungu cha 12 kuwa watu hao wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, wasaidiwe kuutumia, na walindwe na wenye kujitakia faida. Kamati ya mkataba huo ilisema mwaka 2014 kuwa kuamuliwa na mtu mwengine kukomeshwe kabisa. Hapo fiqhi yatofautiana nayo, kwani yamthibitisha walii kwa asiye na akili. Lakini katika kuharimisha dhuluma hii ya jamaa hapana khitilafu.

Basi twamnasihi muulizaji: azuie uuzaji huo, ndugu yake akipoa amuulize mbele ya mashahidi, na maradhi yakimkalia daima, aende mahakamani. Watu husema mnyonge hana haki. Anayo, na siku ya Kiyama ataidai.

Wallahu aalam.