Safari ya Kupanda Milima ya Virunga

Kaskazini ya ziwa Kivu, mahali ambapo mipaka ya Kongo, Rwanda na Uganda hukutana, kuna milima minane mikubwa. Majina yake ndiyo haya: Muhabura, Gahinga, Sabinyo, Visoke, Karisimbi, Mikeno, Nyiragongo na Nyamulagira. Yote pamoja huitwa milima ya Virunga.

Milima hii ilijengwa na moto wa chini ya ardhi. Mawe yaliyoyeyuka yalitoka, yakamwagika, yakapoa, yakawa magumu. Kisha mengine yakatoka juu ya yale ya kwanza. Hivyo mlima ukakua kidogo kidogo. Mlima wa namna hii huitwa volkano. Milima sita imelala. Miwili ingali kazini: Nyiragongo na Nyamulagira.

Mlima mkubwa kupita yote ni Karisimbi. Urefu wake ni meta 4507 juu ya bahari. Mara kwa mara kichwa chake huwa cheupe kwa mvua ya mawe na theluji. Theluji ni maji yaliyoganda mawinguni, nayo huanguka laini na nyeupe kama unga. Watu wa zamani walipoona weupe ule walifikiri simbi, na kwa hiyo mlima ukaitwa Karisimbi.

Mwaka wa 1925 serikali ya Wabelgiji ilitenga sehemu ya milima hiyo, ili wanyama na miti vilindwe. Ikaitwa Parke Albert, kwa jina la mfalme Albert. Ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika yote. Leo huitwa Parke ya Virunga. Watu wengi wametoka mbali ili kupanda milima hii. Wengine walirudi na furaha. Wengine hawakurudi.

Jambo lililotokea mwaka wa 1908

Mwaka wa 1908 Mdachi mmoja, jina lake Kirschstein, alikuwa akichunguza mawe ya milima ya Virunga. Alipanda Karisimbi pamoja na wapagazi wengi. Wapagazi walichukua mizigo ya safari, yaani hema, vyakula na vyombo vya kazi.

Walipokuwa juu, dhoruba iliwakuta. Mvua ya mawe ilianguka, kisha theluji. Wapagazi hawakuzoea baridi ya namna ile. Miguu ilikufa ganzi, mikono haikuweza kushika tena mizigo. Wengi walikaa chini, hawakuwa na nguvu ya kuinuka. Siku ile wapagazi 20 walikufa kwa baridi. Kirschstein mwenyewe alirudi akiwa hai.

Watu hao 20 hawakuuawa na moto wa mlima, wala na mnyama. Waliuawa na baridi. Nayo baridi ni adui ambaye mtu aweza kumhesabu kabla ya kuondoka nyumbani.

Kuhesabu baridi

Kadiri mtu anavyopanda, hewa hupoa. Kwa kila meta 1000, joto hupungua karibu digri 6. Goma iko kando ya ziwa, karibu meta 1500 juu ya bahari. Kutoka hapo hadi kichwa cha Karisimbi ni karibu meta 3000. Basi joto hupungua mara tatu digri 6, ndizo digri 18. Kama mchana Goma ina digri 25, kule juu kunabaki digri 7 tu. Usiku ukifika, maji huweza kuganda. Na mtu aliyelowa mvua husikia baridi kupita mtu aliye mkavu.

Kwa hiyo mkubwa wa safari yenye akili huanza kwa watu, siyo kwa vitu. Humwita kila mmoja na kumwuliza: Una bulangeti? Una nguo ya pili iliyo kavu? Una koti la mvua? Huwauliza hivyo wageni na wapagazi pia. Anayechukua mzigo wa mwenzake ana mwili kama mwenzake. Mpagazi asiye na nguo ya baridi apewe nguo, ama abaki chini. Asipande hivyo hivyo.

Chakula na maji

Juu ya milima, maji huchemka upesi, lakini moto wake si wa kutosha. Kando ya bahari maji huchemka kwa digri 100. Kwenye meta 3400 huchemka kwa karibu digri 89. Kwa hiyo maharagi hukaa motoni saa nyingi, na bado huwa magumu. Afadhali kupika maharagi nyumbani, au kuchukua vyakula ambavyo havihitaji moto mwingi: mkate, karanga, ndizi, viazi vilivyopikwa.

Maji nayo ni shida. Mawe ya volkano yana matundu mengi, na mvua hupenya ndani yake kama katika chujio. Kwenye njia ya Nyiragongo hakuna kijito cha kunywa. Kila mtu huchukua maji yake tangu chini.

Njia ya kupanda

Njia ya Nyiragongo huanza Kibati, kwenye meta 2000 hivi. Kichwa cha mlima kina meta 3470. Kupanda huchukua karibu saa tano. Kwanza kuna msitu, kisha mawe meusi yenye ncha, kisha miti midogo na majani ya nchi ya baridi. Mawe yale hukata miguu kama kisu. Viatu vigumu vinatakiwa, na fimbo pia.

Mwenye mbio asubuhi huchoka kabla ya adhuhuri. Mwenda pole hajikwai. Hewa ya juu ni nyepesi, na kifua hutafuta pumzi. Mtu mwingine huumwa kichwa na kutaka kutapika. Huo si woga, ni ugonjwa wa milima mirefu. Dawa yake ya hakika ni moja: kushuka. Anayeficha ugonjwa ili wenzake wasimcheke huwatia wote katika hatari.

Miezi ya sita, ya saba na ya nane mvua hupungua, na njia huwa nzuri kupita miezi mingine. Lakini hata katika miezi hiyo mawingu huweza kukusanyika ghafula. Asubuhi safi si ahadi ya jioni safi.

Hewa mbaya

Karibu na Goma na Sake kuna mashimo na mabonde madogo ambamo hewa mbaya hutoka ardhini. Watu wa nchi huiita mazuku. Haina rangi. Ni nzito kupita hewa tunayovuta, kwa hiyo hukaa chini shimoni kama maji kisimani. Mbuzi akiingia hufa. Mtu akiingia kumtoa mbuzi, naye huanguka. Watoto wako katika hatari zaidi, kwa sababu vichwa vyao viko karibu na ardhi. Hatari huzidi usiku na alfajiri, wakati upepo umetulia.

Kiongozi mwenyeji anajua mashimo hayo. Akisema, “Tusilale hapa,” hakuna haja ya kubishana naye. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kuuliza habari za mlima

Ndani ya krateri ya Nyiragongo, yaani shimo kubwa la juu, kumeonekana mara nyingi ziwa la mawe yaliyoyeyuka. Tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka wa 1977, mlima ulipasuka ubavuni, na ziwa hilo likamwagika lote kwa muda usiotimia saa moja. Vijiji viliungua na watu wengi walikufa. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka wa 2002, moto ulipita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani, ukaharibu maelfu ya nyumba. Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka wa 2021, mlima ulitoka tena.

Goma kuna wataalamu ambao kazi yao ni kusikiliza mlima. Vyombo vyao husikia ardhi inapotetemeka, hata kama miguu ya watu haisikii kitu. Kwa hiyo kabla ya kufunga mizigo, mkubwa wa safari huuliza mambo matatu. Mlima umetulia? Nchi ina amani? Walinzi wa Parke wanaruhusu watu kupita? Mara nyingi njia zimefungwa, ama kwa sababu ya moto, ama kwa sababu ya vita. Jibu moja likiwa baya, safari haipo. Mlima hauhami. Mtu aweza kungoja mwaka mwingine.

Kurudi ni sehemu ya safari

Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo hukaa kwanza na kuhesabu kama ana mali ya kutosha kuumaliza. Anayepanda mlima ahesabu vilevile, tena asihesabu kupanda tu. Ahesabu na kushuka. Atakayetumia nguvu zake zote kufika juu, atashuka kwa nguvu ya nani?

Kwa hiyo kabla ya kuondoka, mkubwa wa safari huchagua saa ya kurudi. Saa ile ikifika, wote hugeuka, hata kama kichwa cha mlima ni karibu. Dhoruba ikija mapema, hugeuka mapema. Na wakifika chini, jambo la kwanza siyo kuhesabu mahema wala vyombo. Ni kuhesabu watu. Kama walipanda kumi na wawili na wamerudi kumi na wawili, safari imekwenda vizuri, hata kama hawakufika juu.

MAULIZO

1. Sema majina ya milima minane ya Virunga. Ni milima gani miwili ingali na moto?
2. Kwa nini Karisimbi uliitwa hivyo?
3. Wapagazi wa mwaka wa 1908 walikufa kwa sababu gani? Mkubwa wa safari angeweza kufanya nini kabla ya kupanda?
4. Hesabu: Kibati ina digri 20. Kutoka Kibati hadi kichwa cha Nyiragongo ni meta 1500 hivi. Juu kuna digri ngapi?
5. Kwa nini maharagi hayapikiki vizuri juu ya mlima?
6. Mbuzi ameanguka katika shimo la mazuku. Mwenye mbuzi afanye nini? Asifanye nini?