Dondoo muhimu: Unapokwenda kujitolea Kampala

• Salamu kwanza, shida baadaye. Asubuhi sema kwa Kiluganda "Wasuze otya, ssebo" (umelalaje, bwana) kwa mwanamume, "nnyabo" kwa mwanamke.

• Binti akipiga magoti kuwasalimu wakubwa, usimzuie. Ni heshima ya Kiganda.

• Daladala huku huitwa teksi. Ukikaribia kushuka, mwambie kondakta "mu maaso awo" (hapo mbele).

• Bodaboda: patana bei kabla ya kupanda, na uvae kofia ngumu.

• Ukiandaliwa matooke (ndizi za kupikwa) kwa mchuzi wa karanga, kula japo kidogo, mwenyeji atafurahi.

• Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini sokoni Kampala kinachotawala ni Kiluganda. Jifunze maneno machache kila siku, nawe utaishi na watu vizuri.